Picha ya Moyo wa Mama Mkwe

Mimi na mama mkwe wangu hatukai mkeka mmoja. Hatujagombana. Ndivyo mambo yalivyo kwao Mahege, na hata kwetu Ikwiriri nimeyakuta hivyo hivyo: mume wa binti humsalimia mama wa mkewe kwa mbali, macho chini, akaitikiwa marahaba, basi, kila mtu akaendelea na lake. Chakula changu huletwa barazani. Mama mkwe akiwa na neno na mimi humwambia mke wangu, na mke wangu hunifikishia, hata kama nimekaa karibu na nimeshasikia kila kitu.

Miaka yote tangu nioe utaratibu huo haukuwahi kunisumbua. Ulinisumbua siku mchi ulipomtoka mikononi.

Tulikuwa tumekwenda kuwasalimia, mpunga umeshavunwa na kuanikwa. Mimi nilikuwa barazani na baba mkwe tukizungumza habari za nguruwe pori walioingia kwenye mihogo ya jirani. Nyuma ya nyumba mama mkwe na binti yake walikuwa wakitwanga, michi miwili katika kinu kimoja. Mlio wa kutwanga ukishauzoea huusikii tena. Nilichosikia ni kukatika kwake. Kisha mke wangu akaita, "Mama! Mama!"

Nilikwenda mbio mpaka kwenye pembe ya nyumba nikakomea hapo. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa jiko, kanga ya kichwani imemwangukia mabegani, kiganja amekiweka katikati ya kifua. Mimi ni mtu wa hospitali. Angekuwa mgonjwa mwingine yeyote ningeshapiga magoti mbele yake, mkono wake mkononi mwangu, nasikiliza mapigo. Pale nyumbani niligeuza uso nikaitazama minazi, nikazungumza na mke wangu.

"Muulize anaumwa wapi."

"Kifuani. Anasema kama mtu amemkalia."

"Maumivu yanakwenda popote? Mkononi, shingoni?"

"Mpaka kwenye taya, anasema."

"Ni mara ya kwanza?"

Safari hii nikasikia sauti ya mama mkwe mwenyewe, ndogo lakini haikutetemeka. "Mwambie mkwe si mara ya kwanza. Hunijia nikitwanga, na nikipandisha na ndoo kutoka kisimani. Nikikaa hunitoka."

Baba mkwe alikuwa amefika nyuma yangu. "Na siku zote hizo hukusema?"

"Ningesema nini? Kila mtu anachoka."

Kesho yake tulimpeleka hospitali Kibiti. Walimpima presha, wakampima umeme wa moyo, hawakuona kitu cha kukishika. Lakini daktari aliyempokea, kijana mwenye subira, alimsikiliza vizuri hadithi ya kinu na ndoo, akaandika rufaa. Hospitali aliyoandikiwa ilikuwa Dar es Salaam, na ilitokea kuwa ndiyo ninayofanyia kazi mimi. Daktari wetu wa moyo alimwona, akamsikiliza naye, akasema anataka kuiona mishipa inayoulisha moyo damu. Njia rahisi ya kuiona bila kupitisha waya ndani ya mwili ni CT ya moyo. Yaani chumba changu. Mashine yangu.

Mahege huniita daktari, na nimechoka kuwasahihisha. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya mwili. Mgonjwa analala kwenye kitanda chembamba, kitanda kinaingia katikati ya mashine yenye umbo la pete kubwa, mionzi inampitia, kompyuta inaunda picha. Mionzi hiyo ina faida na ina madhara yake. Kipimo kimoja hakimdhuru mtu kwa namna utakayoiona, lakini mwili hausahau kabisa, na kadiri unavyopokea mingi ndivyo uwezekano wa saratani miaka ya mbele unavyoongezeka kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta kiasi kidogo kabisa ambacho bado kinatoa picha inayosomeka.

Kwa moyo kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu moyo hautulii. Kuna njia mbili za kuupiga picha. Unaweza kuwasha mionzi mfululizo wakati moyo unapiga, halafu ukachagua baadaye vipande ulipotulia. Hukosi picha, lakini mionzi mingi imepita bure. Au unaweza kungoja. Kati ya pigo na pigo moyo una pumziko dogo. Mashine inasoma mapigo kupitia nyaya zilizobandikwa kifuani mwa mgonjwa, na inawasha mionzi katika pumziko hilo tu, kisha inazima. Njia hii inapunguza mionzi sana. Sharti lake ni moyo uende taratibu na kwa mpangilio. Ukikimbia, pumziko linakuwa fupi mno na picha inatoka na ukungu.

Ndiyo maana huwa nasema kiasi cha mionzi hakiko mikononi mwa mashine peke yake. Mgonjwa naye ana sehemu yake, na sehemu hiyo inategemea hofu aliyoingia nayo chumbani.

Mashine yetu ilikuja na vipimo vilivyowekwa kiwandani, na mimi naamini waliovipanga walikuwa na watu wanene mawazoni. Wagonjwa wetu wengi ni wembamba, na mtu mwembamba hahitaji mionzi ya nguvu ile. Nilimwomba daktari wa moyo aturuhusu kushusha. Alikataa. Alisema, "Ukishusha mionzi unaniletea chenga. Mimi sisomi chenga." Chenga ni zile punje punje zinazotokea kwenye picha mionzi inapopungua, kama televisheni yenye antena mbovu. Nikamwambia kompyuta siku hizi ina programu ya kuzisafisha. Akasema hata mshipa mwembamba inaweza kuusafisha ukatoweka.

Hakuwa mkaidi, alikuwa na sababu. Tulianza na dumu la maji la majaribio, kisha wagonjwa wembamba, tukishusha kidogo kidogo, tukikaa pamoja mbele ya skrini baada ya kila picha. Kuna wakati nilifurahia mno, tukashusha hadi picha ya mzee mmoja ikatoka haisomeki, ikabidi arudi akafanyiwe kipimo cha waya. Siku hiyo daktari alinitazama tu. Tokea hapo tulikubaliana: kila mwili na kiasi chake, na picha isiyosomeka ni mionzi iliyopotea yote.

Basi mama mkwe akapewa tarehe, na akarudi Mahege kuingoja. Hakutaka kukaa mjini kwetu huku mpunga wake uko kwenye magunia na kuku hawana mtu. Mwisho wa juma mimi na mke wangu tuliteremka kwenda kumwandaa.

Maandalizi hayo sitayasahau. Mgonjwa wa CT ya moyo lazima ajue kubana pumzi akiambiwa, asitikisike, asivute mpaka mwisho kama anayetaka kuzama mtoni. Lazima ajue kwamba atabandikwa nyaya kifuani. Lazima ajue kuhusu dawa inayopitishwa kwenye mshipa wa mkono ili mishipa ya moyo ing'ae: dawa hiyo ikiingia, mwili mzima hupata joto ghafla, na joto hilo likifika chini ya kiuno mtu huhisi kabisa kwamba amejikojolea. Hajajikojolea, lakini bila kuambiwa mapema atashtuka. Kwa mgonjwa mwingine hayo nayasema kwa dakika chache bila kupepesa macho. Sasa nimwambie nani maneno hayo? Mama wa mke wangu?

Nilikaa barazani na mke wangu. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlangoni, anasuka ukili wa mkeka. Baba mkwe alikaa katikati, kwenye kiti chake, kama mwamuzi.

"Mwambie mama," nilianza, "kwamba nikisema vuta pumzi, avute kidogo tu, kisha abane."

Mke wangu akageuza shingo kuelekea pazia. "Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie mkwe nabana muda gani?"

"Mwambie mpaka aambiwe aachie. Si muda mrefu."

"Haya. Vuta," alisema baba mkwe, ambaye hakuna aliyemwomba. Yeye mwenyewe akavuta, akatutumua mashavu. Ndani tukasikia ukili umesimama. Baba mkwe ndiye aliyeishiwa kwanza, akaanza kukohoa, na nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe anacheka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akicheka nikiwa karibu.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Dar es Salaam. "Muulize mkwe, hiyo mashine inachoma?"

Nilijua linatoka wapi. Jirani yao mmoja alikuwa ametibiwa saratani kwa mionzi, akarudi ngozi ya shingo imegeuka nyeusi kama chungu. Nikaeleza, nikimtazama mke wangu, kwamba ile ya jirani ilikuwa mionzi ya kutibu, mikali, yenye kazi ya kuua uvimbe. Hii ni ya kuangalia. Haiunguzi ngozi, haiumi.

"Lakini ni mionzi," alisema mama mkwe.

"Ni mionzi, ndiyo."

"Mwambie mkwe asinizidishie."

"Mwambie mama nitatumia kidogo kabisa."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Hospitalini swali hilo nalijibu kwa tarakimu, na tarakimu zangu zisingemfaa kitu. Nikasema, "Mtu akitafuta sindano iliyodondoka chumbani anawasha tochi. Akiwasha hafifu mno haioni, ataitafuta upya. Akishaiona, hana haja ya kuongeza. Kiasi changu ni hicho cha kuiona."

Nyuma ya pazia ukili ukaanza tena kutembea. "Basi mwambie nimeridhika," alisema. "Nakwenda kwa neno lake."

Kwa neno langu. Nilikula chakula cha jioni ile bila kusikia ladha yake.

Mambo ya joto la dawa nilimwachia mke wangu ayafikishe faraghani. Nilimwambia wazi, kwa maneno yale yale ninayowaambia wagonjwa. Alifunika mdomo kwa kanga, akasema, "Haya, nitamwambia."

Siku yenyewe walifika asubuhi, wamelala kwetu Mbagala. Mama mkwe hakunywa chai, kama nilivyoagiza, kwa sababu chai huchangamsha moyo, na alikuwa ameshameza dawa ya kupunguza mapigo. Alivaa doti mpya ya kanga. Nilimwamkia mlangoni, "Shikamoo mama," akajibu, "Marahaba baba," akitazama sakafu, nami nikitazama sakafu, wafanyakazi wenzangu wakitutazama sisi.

Tulipanga kazi hivi. Mwenzangu, mwanamke mtu mzima wa Tanga niliyefanya naye kazi muda mrefu, ndiye angemvalisha gauni la hospitali, kumbandika nyaya kifuani na kumwekea sindano. Mimi ningekaa chumba cha pili, nyuma ya kioo, nikiongoza mashine na kuzungumza naye kwa spika. Mwenzangu hakuhitaji maelezo marefu. "Hata kwetu mkwe ni mkwe," alisema, akavuta pazia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mapigo yake yalionekana kwenye skrini yangu, ya chini, yamepangana. Nilishusha nguvu ya mionzi kulingana na mwili wake, yeye ni mwembamba sana. Nilifupisha eneo la kupiga lianze pale moyo unapoanzia na liishe pale unapoishia, bila kuongeza kipande cha tumbo kwa ajili ya wasiwasi. Nilichagua ile njia ya kungoja pumziko. Daktari wa moyo alikuwa ameingia, amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

Kabla ya picha yenyewe huwa tunaingiza dawa kidogo ya kujaribu, tuone inachukua muda gani kufika kwenye moyo. Niliwasha spika. "Mama, sasa dawa inaingia. Usijali."

Dawa ikaingia, na mapigo yakapanda. Hayakupanda kidogo, yaliruka kama mtu aliyeona nyoka. Kupitia kioo niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja. Nikangoja yashuke. Hayakushuka.

"Vuta pumzi, mama. Achia taratibu. Uko salama."

Yakapanda tena. Kila nikisema neno, yanapanda.

Daktari alitazama saa ya ukutani. Nje kulikuwa na wagonjwa wamejaa kwenye benchi. "Washa mfululizo," alisema. "Utachagua baadaye. Tumalize."

"Nipe muda kidogo."

"Mapigo haya huwezi kupata picha kwa njia yako. Itatoka ukungu, utarudia, na kurudia ni mara mbili. Wewe mwenyewe ndiye unayetuhubiria hapa kila siku."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Mkono wangu ulikuwa karibu na kitufe. Lingekuwa jambo la kawaida, lisingevunja sheria yoyote, na hakuna mtu Mahege ambaye angejua. Lakini alikuja kwa neno langu. Nilimwomba mwenzangu aingie amwulize ana nini.

Aliingia, akainama karibu na uso wake, wakanong'ona. Alirudi akiwa amekaza midomo ili asicheke, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mkweo anasema amejikojolea," aliniambia chini chini. "Na wewe unamwona."

Kumbe mke wangu alikuwa amemwambia "utasikia joto", akaishia hapo. Maneno yaliyobaki yalimshinda kuyatoa, kwa kuwa yalitoka kwangu. Kwa hiyo yule mama alikuwa amelala pale, kifua kimebandikwa nyaya, anaamini amejiaibisha, na kila nikimtuliza kwa spika namkumbusha kwamba mkwe wake yuko nyuma ya kioo anatazama. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa inamkimbiza moyo.

Nilisimama. "Kaa wewe," nilimwambia mwenzangu. "Vipimo vyote nimeshaviweka. Mapigo yakishuka chini ya kiwango chetu, piga. Yasiposhuka, usipige, niite."

"Na wewe?"

"Mimi natoka. Mwambie nimetoka. Na muite mke wangu aingie azungumze naye kwanza."

Daktari alinitazama, akainua nyusi, akavuta kiti akaketi. "Nangoja," alisema. Sikutegemea.

Nilikaa kwenye benchi la korido pamoja na wagonjwa. Nimefanya kazi hii miaka mingi, lakini sikuwahi kukaa upande ule wa mlango. Kuna baridi ya kiyoyozi inayotoka chini ya mlango, na taa nyekundu juu yake, na huelewi chochote. Baba mkwe alisogea akanipa nafasi. "Imekwisha?"

"Bado, baba."

"Mbona wewe uko huku?"

"Nimempisha."

"Umefanya vizuri," alisema, akaendelea na tasbihi yake.

Mke wangu alitoka baada ya muda, macho yamemlowa, sijui ni kicheko au kilio. Aliniambia aliyoyafanya. Alilishika gauni la mama yake, akaupeleka mkono wa mama yake mwenyewe pale pale, akamwambia, "Shika, mama. Kavu. Ni dawa hiyo, kila mtu hupata hivyo. Na mume wangu yuko nje na baba." Kisha wakazungumza kwa Kindengereko mambo ya nyumbani, kuku gani anataga, nani ameachiwa ufunguo, mpaka mwenzangu akamgusa bega kwamba sasa inatosha, atoke.

Taa nyekundu iliwaka, ikazimika. Nilidhani haijapigwa, jinsi ilivyokuwa fupi.

Mwenzangu alinifungulia mlango, mama mkwe akiwa ameshavaa na kupelekwa chumba cha kupumzikia. Picha zilikuwa kwenye skrini. Daktari alikuwa ameinama, pua karibu iguse kioo, anazungusha moyo ule pole pole. Sikutazama picha, nilitazama kwanza kiasi cha mionzi kilichoandikwa pembeni. Kilikuwa kidogo. Katika mioyo yote niliyokuwa nimepiga mpaka siku ile, hicho kilikuwa kati ya vidogo kabisa.

"Ina chenga," alisema daktari.

Nilikuwa bado naisoma ile tarakimu.

"Lakini nasoma." Akaendelea kuzungusha. "Mishipa yake safi. Hakuna mafuta, hakuna kilichoziba. Njoo uone hapa."

Alinionyesha mshipa wa mbele. Kwa watu wengi hupita juu ya moyo, kama mzizi juu ya ardhi. Wa mama mkwe ulipita juu, kisha ukazama ndani ya nyama ya moyo kwa kipande kifupi, ukaibuka tena. Alizaliwa nao hivyo. Moyo ukienda taratibu hapana tatizo. Ukienda mbio, nyama inaubana mshipa na damu inakosa nafasi. Daktari alikipima kipande kile mara kadhaa, akasogeza, akapima tena. Kingo zilionekana.

"Hili lingejificha kwenye ukungu," alisema. Halafu, kwa sababu ni mtu anayependa haki, akaongeza, "Na kwa njia yangu lingeonekana pia. Ila angekuwa amelipia zaidi." Alimaanisha mionzi.

Matibabu yalikuwa mepesi kuliko tulivyoogopa. Alipewa dawa ya kuufanya moyo uende taratibu, vidonge vya kila siku ambavyo vinapatikana hata Kibiti, na akakatazwa kazi za kumkimbiza moyo. Daktari alimweleza mwenyewe, na mke wangu akiwapo. Mimi nilisubiri nje. Mpunga sasa hupelekwa mashineni, na maji huchotwa na wajukuu. Baada ya miezi michache maumivu yalikuwa yamekuwa habari ya zamani, ingawa hulalamika kwamba wali wa mashine hauna harufu.

Hospitalini nako kitu kilibadilika. Tulianza kuwauliza wagonjwa wa moyo, kabla hawajaingia, kama kuna mtu asiyefaa kuwepo. Wengi hushangaa. Wengine, hasa akina mama wa pwani, hujibu upesi sana. Na yale maneno ya joto la dawa sasa mwenzangu huyasema yeye kwa wanawake, mimi kwa wanaume, bila kumpitishia mtu mwingine.

Tulipoteremka Mahege mara iliyofuata, nilikuta akina mama watatu wamekaa kwenye mkeka upande wa pili wa baraza. Nilidhani wamekuja kwa mama mkwe. Mke wangu aliponiletea chai alisema, "Wamekuja kwako."

Mama mkwe alikuwa amewatangazia majirani kwamba mashine haichomi, kwamba ni ya haraka kuliko kunyolewa nywele, na kwamba mkwe wake anajua kuipima isizidi. Sasa mmoja alikuwa na mgongo, mwingine kichwa kinachogonga, na wa tatu hakuwa na kitu, alitaka tu kujua kama moyo wake uko mahali pake.

Nilizungumza nao mpaka chai ikapoa. Nikawaeleza kwamba mgongo wa mama yule unataka mazoezi na godoro lisilo na shimo kabla haujataka mashine. Nikamwuliza wa kichwa kama amewahi kupimwa presha; hajawahi, na mume wake alikufa kwa kiharusi. Yule wa tatu nilimwambia moyo usiouma tuuache ulipo.

"Lakini si kidogo tu?" aliuliza. "Tumeambiwa wewe unapiga kidogo tu."

"Kidogo kuliko vyote, mama, ni kutopiga kabisa."

Hakupenda jibu hilo. Alijifunga kanga vizuri akaaga kwa baridi kidogo. Wa mgongo akaondoka naye; aliyebaki ni yule wa kichwa. Kutoka nyuma ya pazia mama mkwe akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha kusikika baraza nzima, "Mwambie mkwe kesho kuna gari la kwenda Kibiti asubuhi. Ampeleke mwenzangu akapimwe hiyo presha."

"Mwambie mama nimesikia," nilisema.

Kesho yake tukaenda.